Bamia, Mlenda, na Neno Lililovuka Bahari

Waandishi wa mambo ya lugha hupenda kuanza na majina ya wafalme, ya milima na ya mito. Leo twaomba ruhusa ya wasomaji wetu tuanzie jikoni, mahali ambapo maneno hukaa muda mrefu kuliko tunavyodhani, na ambapo sisi waalimu hatuingii mara nyingi na kalamu mkononi. Jambo letu ni bamia, pamoja na jamaa zake wa chungu kimoja, yaani mlenda na mboga nyingine za utelezi. Tena ni safari ya neno moja la Kibantu lililovuka bahari katika vinywa vya watu waliofungwa minyororo.

Lakini kabla ya kuvuka bahari yatupasa kuungama kosa letu wenyewe, maana ndilo lililotusukuma kuandika. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya Ugogo. Sisi si Wagogo; tulizaliwa pwani, upande wa Tanga, nasi tulikwenda bara tukiwa na kiburi kidogo cha mtu wa pwani aliyesoma. Siku moja tuliwapa watoto insha, jina lake "Chakula cha nyumbani kwetu." Mtoto mmoja akaandika kwamba bibi yake hupika ilende, na kwamba akiwa mgonjwa hataki chakula kingine. Tulilikata neno lile kwa wino mwekundu, tukaandika juu yake "mboga za majani." Tuliposoma insha mbele ya darasa wenziwe wakacheka, nasi hatukuwakemea. Mtoto yule hakuliandika neno lile tena mwaka mzima. Tulidhani tumesahihisha Kiswahili. Kumbe tumefuta jina la kitu kimoja, na mahali pake tumeweka maneno yafaayo kwa vitu mia.

Kilichotufumbua macho ni bamia, mboga ya kwetu pwani. Basi na tueleze habari zake kwa taratibu.

Mbamia ni mmea wa ukoo mmoja na pamba, choya na mbuyu. Ua lake lafanana sana na ua la pamba: rangi ya manjano, na moyo wa zambarau iliyoiva, hufunguka asubuhi na siku ile ile hunyauka. Mtaalamu wa mimea aitwaye Linnaeus aliuita mwaka 1753 Hibiscus esculentus, na neno la pili maana yake ni "wa kuliwa." Baadaye, mwaka 1794, Moench aliuhamishia katika jamii nyingine, ukaitwa Abelmoschus esculentus, na hilo jina la kwanza lasemwa kuwa limetokana na maneno ya Kiarabu ya kumaanisha "baba wa miski," kwa sababu ya mmea mmoja wa jamii hiyo wenye mbegu zinazonukia. Hivyo hata majina ya wataalamu, yaonekanayo kuwa ya Kilatini kitupu, yamechukua mzigo wa watu wengine.

Kwetu mboga hii ina majina mawili. La kwanza ni bamia, nalo ni neno la Kiarabu. La pili ni binda, nalo ni karibu sana na neno la Wagujarati, bhinda, na la Wahindi, bhindi. Mtu akisimama katika soko la pwani akasikia majina hayo mawili kwa muuzaji mmoja, amesikia pande mbili za Bahari ya Hindi. Katika vitabu vya zamani bamia yaonekana mapema katika nchi ya Misri. Abu al-Abbas al-Nabati, mtu wa Sevilla aliyejua mimea, alizuru Misri mwaka 1216, akaeleza jinsi wenyeji walivyoilima na kuila ikingali changa. Kwa hiyo mchuzi wa bamia si jambo la jana. Ulipikwa kando ya mto Nili zaidi ya miaka mia nane iliyopita.

Kilimo chake hakina siri, lakini kina adabu zake. Mbamia hupenda joto na jua, baridi huudumaza. Mbegu zake ni ngumu, basi wazee huziloweka majini usiku kucha kabla ya kuzipanda. Hupandwa kwa mistari, nafasi ya sentimeta 30 hivi kati ya mche na mche, na sentimeta 60 au zaidi kati ya mstari na mstari. Katika udongo wenye joto huchipua kabla ya siku kumi kwisha, na katika miezi miwili hivi huwa umekwisha kuanza kuzaa. Hapo ndipo mwenye shamba hujaribiwa uvumilivu wake. Bamia huchumwa siku nne hata sita tu baada ya ua kufunguka. Ukichelewa, tunda hukakamaa likawa kama kijiti. Tena mmea ukiona matunda yake yamekomaa hupunguza kuzaa. Sharti uchume kila baada ya siku moja, utake usitake. Wala usipande bamia mahali palipotoka nyanya au bilinganya, kwa kuwa wako minyoo wadogo wa mizizi wanaoishambulia mimea hii yote. Majani machanga nayo huliwa. Hata mbegu zilizokomaa zimepata kazi: wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, tangu 1861 hata 1865, watu wa kusini walipokosa kahawa walizikaanga mbegu za bamia, wakazisaga, wakanywa.

Sasa twaingia jikoni, na hapa watu hugawanyika makundi mawili: wanaoukimbia utelezi na wanaoutafuta. Ute ule wa bamia ni kitu kinachotoka katika seli za tunda na kuvimba majini. Kitu kikali kama ndimu, ukwaju, embe bichi au nyanya huupunguza. Moto mkali na mafuta huukausha. Bali magadi huulainisha na kuuzidisha, na kuacha mboga na rangi yake ya kijani. Watu wa pwani kwa kawaida tu katika kundi la wanaokimbia. Mama zetu huosha bamia nzima, huzikausha kwa kitambaa, ndipo huzikata, wasije wakaamsha ute kwa maji. Kisha huzikaanga kidogo na vitunguu na bizari, hutia nyanya, na mwisho tui la nazi, na pengine kamba wakavu. Hupakuliwa pamoja na wali, na mlaji husema, "Naam, wala haziteremki kama konokono."

Katika Ugogo mambo ni kinyume. Huko utelezi ndio utamu wenyewe. Mlenda hupikwa kwa majani mabichi au makavu ya mimea mbalimbali, mingi yake ikiota yenyewe mashambani na maporini wakati wa mvua. Majani ya ilende huchumwa, huanikwa, hutwangwa, na unga wake huwekwa kwa siku za kiangazi. Maji yakichemka, mpishi hutia magadi kidogo na unga ule, pengine na karanga zilizotwangwa, hupekecha kwa upekecho, na kwa muda mfupi mboga huwa tayari. Huliwa na ugali wa mtama au wa uwele, na tonge lililochovywa huacha uzi mrefu kati ya bakuli na kinywa. Mgeni huona haya. Mwenyeji hukata uzi ule kwa mzunguko mmoja wa kidole, na kuendelea na mazungumzo. Magharibi ya Kenya, Waluhya wana mrenda wao na Wajaluo wana apoth, nao ni mmea wa jamii ile ile ambayo Wamisri huipenda sana kwa jina la mulukhiya.

Tulipokuwa wageni tulihesabu chakula hiki kuwa cha shida. Tungalifikiri vema, tungaliona kwamba ni chakula cha akili. Ugogo ni nchi ya mvua chache. Ilipatwa na njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, tangu 1917 hata 1920, na nchi iliyopita katika msiba kama ule haiwezi kulidharau ghala la majani makavu. Mwanamke ajuaye ni jani gani la kuchuma, katika juma gani, na jinsi ya kulihifadhi, ana elimu. Na elimu hiyo imefungwa katika majina. Ukifuta jina, umelegeza kamba ya mzigo wote.

Tulikuja kulielewa jambo hili tulipokuwa tukitafuta asili ya majina ya bamia katika nchi nyingine. Waingereza na Wamarekani huiita okra. Neno hili si la Ulaya. Latoka katika lugha ya Waigbo wa Nigeria, wasemao ọkụrụ. Wahausa husema kubewa, na Wayoruba husema ila. Lakini kusini zaidi, katika nchi za Angola na Kongo, twakuta watu wa lugha zetu. Wakimbundu husema kingombo; Waovimbundu husema ochingombo; Waluba husema chingombo.

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha ngeli ya KI na VI atatabasamu hapa. Hicho ki- cha kingombo ni ndugu wa ki- yetu ya kitabu, kisu na kikapu. Nacho chi- cha Waluba ni ndugu huyo huyo kwa matamshi mengine, kama ilivyo katika lugha nyingi za bara letu. Shina ni -ngombo. Sasa na tutazame ng'ambo ya bahari. Wareno waliandika quingombó. Huko Kuba husema quimbombó. Katika Kifaransa bamia ni gombo, na katika Kiingereza cha Louisiana mchuzi mzito huitwa gumbo. Waliosema Kireno na Kihispania wamelihifadhi neno pamoja na kiambishi chake. Wafaransa na Waingereza wamekiangusha kiambishi, wakabaki na shina. Hakuna aliyewafundisha ngeli zetu, lakini wamelikata neno pale pale ambapo mwalimu wa sarufi angelikata.

Wako wasemao kwamba jina la mchuzi ule lilitoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile kabla ya Wazungu, ambao huyaita majani ya mti wa sasafrasi kombo, nao huyatia katika mchuzi yakiwa unga. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa maana unga huo hata leo hutumika humo. Lakini katika Kifaransa gombo ni bamia yenyewe, katika shamba na katika soko, hata mahali ambapo Mchoctaw hajafika kamwe. Ushahidi huu twauona kuwa wenye nguvu zaidi.

Basi neno hili lilifikaje huko? Hapa habari ya jikoni yawa habari ya msiba. Kati ya karne ya 16 na ya 19, kwa hesabu za wanahistoria, watu wapatao 12,500,000 walipakiwa katika merikebu za watumwa katika pwani za Afrika kwenda upande wa Amerika; walioshuka hai ni kama 10,700,000. Karibu 4,800,000 walipelekwa Brazili peke yake. Kundi lililo kubwa kuliko yote lilitoka katika pwani za Angola na Kongo, nchi za kingombo. Wala sisi wa mashariki hatukusalimika, kwani katika karne ya 19 merikebu zilichukua watu kutoka Msumbiji pia, hata Brazili na Kuba, na miongoni mwao walikuwamo Wamakua, jirani zetu wa kusini.

Watu hawa hawakuruhusiwa kuchukua kitu. Lakini merikebu zilihitaji chakula, na chakula cha Afrika kilipakiwa pamoja nao, na mbegu zikafika. Merikebu mbili za kwanza zilizochukua watumwa moja kwa moja kutoka Afrika hata Louisiana zilifika mwaka 1719, na ndani yake mlikuwamo mbegu za mpunga. Bamia ilikuwa imetangulia kusini: ilijulikana Brazili kabla ya mwaka 1658. Mwaka 1748 ilikuwa ikilimwa hata Philadelphia, mbali upande wa kaskazini. Mwaka 1781 Thomas Jefferson aliitaja miongoni mwa mimea ya Virginia. Huko New Orleans neno la gumbo limo katika kumbukumbu za mahakama za mwaka 1764, watumwa walipokuwa wakihojiwa. Na neno likitajwa hivyo, kama jambo lijulikanalo, bila shaka lilikuwa limekwisha kuzoeleka vinywani. Tena mwaka 1824 bibi mmoja wa Virginia, Mary Randolph, alipiga chapa kitabu cha mapishi, na ndani yake mna gumbo, na bamia kwa nyanya. Kitabu kilichukua jina la mwenye nyumba. Waliosimama mbele ya moto katika nyumba za namna ile walikuwa watumwa.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa kanisa yatupasa kulisema bila kujificha. Katika bandari ya Luanda ilikuwa desturi kuwabatiza mateka kwa wingi kabla ya kupakiwa, kila mmoja akipewa jina jipya la Kireno, mara nyingi bila kufundishwa neno lolote la imani. Katika Louisiana nako sheria ya mwaka 1724 iliamuru watumwa wabatizwe. Sakramenti takatifu ikawa kama alama ya bidhaa. Majina waliyopewa na mama zao yalianguka baharini, na wajukuu wao hawayajui hata leo. Lakini kingombo hakuna aliyejali kulibadili. Lilikuwa jina la mboga tu, la jikoni tu, tena la wanawake. Wenye amri hawakuliona kuwa na maana, na kwa sababu hiyo likapona.

Na pamoja nalo zimepona njia za kupika, ambazo msomaji wa kwetu atazitambua. Katika Angola ugali huitwa funge. Katika kisiwa cha Antigua, ng'ambo ya bahari, kuna ugali wa mahindi uliochanganywa na bamia, nao huitwa fungee. Katika Barbados ugali wa namna hiyo huitwa cou-cou: bamia huchemshwa, unga wa mahindi hukorogwa katika maji yake ya utelezi, na chombo cha kukorogea ni ubao mwembamba ambao mama yeyote wa kwetu angeuita mwiko pasipo kuuliza. Huliwa pamoja na samaki arukaye juu ya maji, nacho ndicho chakula cha taifa la kisiwa hicho. Katika Carolina kunde za asili ya Afrika hupikwa na wali, na watu huzila siku ya kwanza ya mwaka wakitumaini heri. Na karanga katika Kiingereza cha kusini ya Marekani zina jina la pili, goober, nalo latoka katika nguba ya Wakongo. Ajabu ni kwamba karanga zenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Wakongo walizipa jina la njugu zao za zamani, na jina likarudi Amerika pamoja na watu.

Mchuzi wa gumbo wenyewe wa Louisiana ni mkutano wa mataifa: bamia ya Mwafrika, unga wa sasafrasi wa Mchoctaw, unga wa ngano uliokaangwa katika mafuta kwa desturi ya Mfaransa, na wali chini yake. Tena iko gumbo ya majani matupu ya namna nyingi, ambayo katika New Orleans huliwa Alhamisi Kuu. Mpishi Leah Chase, aliyezaliwa 1923 na kufariki 2019, alijulikana kwa kuwapikia watu mboga hiyo kila mwaka siku hiyo. Na katika Bahia ya Brazili kuna caruru, mboga ya bamia iliyopikwa kwa mawese na kamba wakavu. Hupikwa hasa mwezi wa Septemba kwa sikukuu ya watakatifu Kosmas na Damiano, na desturi ni kwamba watoto saba huketishwa kwanza wale, ndipo wakubwa hupewa. Tunaposoma habari hizo twaona kwamba watu walionyang'anywa kila kitu walihesabu chakula hiki kuwa si cha kujaza tumbo tu. Kilikuwa cha kutuliza moyo, cha mgonjwa, cha mzazi, cha sikukuu. Chakula ambacho ukikila wajua u wa nani.

Na hapo ndipo tulipomkumbuka yule mtoto wa Ugogo. Yeye pia aliandika kwamba akiwa mgonjwa hataki chakula kingine. Wale watu wa Angola, wakiwa uchini, mbali na kwao, wamelitunza neno lao kwa miaka zaidi ya mia tatu. Sisi, katika nchi yetu wenyewe, bila mnyororo wala mjeledi, tulilifuta neno la mtoto kwa nukta moja ya wino mwekundu. Na hatukuwa wa kwanza. Katika shule tuliyosoma sisi wenyewe, bustani ilikuwa ya kabichi na karoti. Mboga za kwao bibi zetu hazikuwa na tuta. Hakuna aliyetuambia kwamba ni mbaya. Hazikutajwa tu, na mtoto hujifunza upesi kwamba kisichotajwa shuleni hakifai.

Wako watakaotujibu kwamba kazi ya shule ni Kiswahili kimoja kilicho safi, na kwamba kila mtoto akiandika majina ya kwao hatutaelewana. Hoja hiyo twaijua. Tuliishika miaka mingi, wala hatutaki kuitupa. Kiswahili ndicho kilichotuwezesha sisi, watu wa Tanga, kukaa Dodoma na kula na watu wake. Lakini Kiswahili chenyewe kimekuwa kikubwa kwa kupokea. Bamia ni la Waarabu, chapati ni la Wahindi, meza ni la Wareno. Ikiwa tuliwafungulia mlango wageni kutoka mbali, kwa sababu gani tumfungie jirani? Neno likiwa na kitu chake, na kitu hicho hakina neno lingine lililo sawasawa, haki yake ni kuingia.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu kwa ndugu zetu waalimu na makasisi. Kwanza, mtoto aandikapo neno la kwao kwa kitu cha kwao, lisikatwe. Aulizwe maana yake, na maelezo yaandikwe pembeni. Pili, kila shule iwe na daftari moja la majina ya mimea ya kuliwa, na kwa kila jina yaandikwe mambo manne: jinsi mmea ulivyo, wakati wa kuchumwa, jinsi unavyohifadhiwa, na jinsi unavyopikwa. Jina peke yake bila hayo ni ganda tupu. Tatu, bustani ya shule iwe na tuta la mboga za mahali pale, nazo zitajwe kwa majina yake wakati wa kumwagilia. Haya hayahitaji fedha. Yahitaji kuuliza tu, na wanaojua wako, ingawa wengi wao ni wazee na siku zao si nyingi.

Na yule mtoto? Mwaka uliofuata tulimwita mbele ya darasa, tukasema kwamba mwalimu alikosea na kwamba neno lake lilikuwa sahihi. Si jambo jepesi kwa mwalimu, lakini halikutuua. Tukamwomba amwalike bibi yake. Bibi akaja na ungo wa majani makavu, akaketi chini ya mti, akatutajia majani sita ya utelezi, lipi la kwanza baada ya mvua, lipi lisilofaa kwa mzazi, lipi alaye mtu akikosa yote. Nasi tulikuwa tumeketi chini pamoja na watoto, daftari magotini. Tulipolisoma jina la nne kwa sauti, mtoto yule akatusahihisha matamshi mbele ya wote. Tukarudia mara tatu hata akaridhika. Kisha tukala. Mikono yetu ya pwani haikuweza kuukata ule uzi, na bibi akacheka sana.

Tunalo daftari lile mpaka leo, na lina majina thelathini na mawili. Twawaomba wasomaji walio katika nchi nyingine, Uzaramo, Umakonde, Unyamwezi, Ukaguru, pwani ya Kenya na hata Kongo, watuletee majina ya mboga za utelezi za kwao, pamoja na yale mambo manne tuliyoyataja, ili yapate kupigwa chapa katika kurasa hizi.